Mati ya Msomi, Mati ya Mchungaji

Kuna njia ya kumaliza mchezo wa chesi kwa hatua nne. Unamsogeza askari aliye mbele ya mfalme wako, miraba miwili. Unamtoa askofu kwa mshazari. Unamtoa malkia, anasimama ukingoni mwa ubao kama mtu anayengoja matatu na hana haraka. Mpinzani wako asiposhtuka, hatua ya nne malkia anamla yule askari aliye begani mwa mfalme wa pili, na mfalme hawezi kumla malkia kwa sababu askofu wako ametulia kule mbali akimlinda. Kukimbia pia hawezi. Watu wake mwenyewe wamemziba, na pale palipo na pengo malkia anapaona. Mati.

Kila mtu anayejifunza chesi ameshapigwa hiyo, au amempiga nayo mwingine, kabla wiki ya kwanza kuisha. Kilichonivutia mimi ni majina yake. Waingereza wanaiita mati ya msomi. Wafaransa wanaiita pigo la mchungaji, na Wajerumani nao wanamtaja mchungaji yule yule na kondoo zake. Warusi wanasema mati ya watoto. Hatua ni zile zile nne, ubao ni ule ule. Kinachobadilika ni picha iliyo kichwani mwa anayeita: ni nani huyo amekaa nyuma ya kete, na je, tumshangae au tusimshangae?

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imekataa kabisa kupatana na mfuko wa nyumbani, na tangu hapo naandika makala za kulipwa moja moja. Kwa hivyo msomi si mimi. Kondoo pia sina. Lakini nimekuwa nikijifunza huu mchezo hapa Kisumu karibu mwaka mzima sasa, na swali la ni wa nani limekuwa likinifuata kila ninapofungua ubao mbele ya watu.

Watu wenyewe ni hawa wa steji. Kondele, kama ilivyo miji mingi ya Kenya, ukipata kivuli na wanaume wanaongoja kazi utapata pia ubao wa drafti. Ni kipande cha mbao kilichochorwa miraba 64 kwa rangi iliyobaki baada ya kupaka geti la mtu. Kete ni vifuniko vya soda: vya huyu vinaangalia juu, vya yule vimefunikwa. Abiria akija, mwenye pikipiki anaondoka katikati ya mchezo, na hakuna mtu anaugusa ubao mpaka arudi. Sijaona sheria inayoheshimiwa hivyo hapa mjini.

Siku niliyomimina kete zangu za plastiki kwenye ubao huo huo, mmoja wao alizitazama kama mtu aliyeletewa uma na kisu kwa ugali na samaki. “Hiyo ni ya watu wa yunivasiti, omera,” akasema. Hakukusudia kunikejeli, alikuwa tu anajulisha. Ni Jaduong' mmoja, mzee ambaye pale hakuna anayemweza kwa drafti, aliyevuta kiti.

“Huyu mdogo akifika huku kwangu anakuwa nini?”

“Malkia, Jaduong'.”

“Aah. Kingi.”

“Si kingi. Kingi ni yule pale. Huyu anakuwa malkia.”

“Ni kitu kimoja,” akasema. “Si amefika?”

Mchezo wake wa kwanza ulikuwa wa kushangaza kutazama. Alikula kila kilichopita mbele yake. Kwa drafti kula ni lazima. Ukiwekewa, unakula, hata kama unajua kabisa ni mtego. Alichukua kama nusu saa kuzoea kwamba kwa chesi unaweza kukataa. Baada ya hapo alianza kuniwekea mimi chakula, na kunitazama usoni.

Sasa, ile kauli kwamba hii ni ya watu wa yunivasiti. Naielewa ilikotoka. Hapa kwetu wengi waliiona chesi mara ya kwanza shuleni, kwenye kabati la klabu, katikati ya kamusi na kikombe cha mashindano ya drama. Wengine waliiona kwenye filamu, ambako mtu akicheza chesi ni ishara kwamba ana akili nyingi au ataua mtu. Lakini kabati la shule limeingia kwenye hii hadithi juzi tu.

Anza na Kiswahili chenyewe. Jina la mchezo huu kwenye kamusi zetu ni sataranji, na neno hilo halikutoka kwa Mwingereza. Limetoka upande wa bahari: Wahindi wa karne ya 6 hivi waliuita mchezo chaturanga, maana yake vikosi vinne, yaani askari wa miguu, farasi, ndovu na magari ya vita. Waajemi wakaugeuza kuwa chatrang, Waarabu wakausema shatranj, na midomo ya Pwani ikaweka irabu zake. Mfalme wa Kiajemi ni shah. Neno hilo tunalo pia, tunaposema fulani ni shaha wa malenga. Mati yenyewe ni ya huko huko: shah mat, mfalme amekwama, hana la kufanya. Farasi ni farasi, Mwarabu anamwita faras mpaka leo. Mtoto wa Kisumu anayeambiwa ajifunze majina ya kete kwa Kiingereza anafundishwa kwa kuzungushwa Ulaya nzima, na nusu ya maneno tayari yako mdomoni mwake.

Na wasomi walikuwepo, tusidanganyane. Mmoja wa wachezaji wa kwanza kabisa ambao historia inawataja kwa kucheza bila kutazama ubao ni Sa'id ibn Jubayr, mwanachuoni wa Kufa, Iraq. Alikuwa anamgeuzia mpinzani mgongo, anauliza amecheza nini, kisha anasema kete yake ipelekwe wapi. Aliuawa mwaka 714 kwa amri ya gavana al-Hajjaj, baada ya kuunga mkono uasi. Alikuwa mtu mweusi. Karne iliyofuata, mwandishi al-Jahiz wa Basra alipoandika risala ya kuwatetea watu weusi na kutaja fahari zao, Sa'id alikuwa miongoni mwa majina aliyoyaweka humo. Miaka zaidi ya 1,300 imepita, na bado mtu mweusi akishika kete vizuri, kuna mtu mahali anaandika kichwa cha habari chenye alama ya mshangao.

Upande wetu wa Afrika, Wahabeshi walikuwa na aina yao, senterej, waliyoicheza kwa kanuni za zamani mpaka karne ya 20. Naipenda kwa sababu moja: mwanzo wa mchezo, unaoitwa werera, hakuna zamu. Wote wawili wanasogeza kete kwa wakati mmoja, haraka wanavyotaka, kila mmoja akimtazama mwenzake anapanga nini, mpaka kete ya kwanza iliwe. Hapo ndipo adabu inaanza. Ukitaka kuiona werera, njoo Kondele saa kumi na mbili jioni watu wanapopanda magari ya kwenda nyumbani.

Ulaya iliupata mchezo kutoka kwa Waarabu na ikakaa nao karne nyingi kabla ya kufanya jambo lake kubwa. Aliyesimama karibu na mfalme alikuwa mshauri, firzan, anayesogea mraba mmoja tu kwa mshazari, mzee wa watu asiye na haraka. Ulaya ilimfanya malkia, na mwishoni mwa karne ya 15 ikampa miguu ya kukimbia ubao mzima. Askofu naye, ambaye kwa Waarabu alikuwa ndovu, akafunguliwa njia zake. Kitabu cha Lucena kilichochapwa Salamanca mwaka 1497 kinaonyesha kanuni za zamani na mpya zikiishi pamoja. Maana yake ni kwamba ile mati ya hatua nne niliyoanza nayo haikuwezekana kabla ya hapo. Sa'id hakuijua. Msomi na mchungaji wote wawili walizaliwa jana.

Turudi ziwani, maana kuna reli ya kuzungumzia.

Reli ya Uganda ilifika hapa tarehe 20 Desemba 1901, na pahali penyewe pakaitwa Port Florence. Mikono iliyoitandaza ilitoka kwa kiasi kikubwa Punjab: zaidi ya vibarua 30,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Wengi wa waliobaki hai walirudi kwao. Wachache wakakaa, na wengine wakawafuata na maduka, na ndiyo sababu katikati ya Kisumu ina sura iliyo nayo. Ninachotaka ushike ni kwamba watu hao walitoka kwenye ardhi ambako sataranji ilichezwa kijijini, chini ya mti, jinsi sisi tunavyocheza drafti. Kwao haikuwa ya darasani.

Nina ushahidi wa jina moja. Miaka michache baada ya reli kufika ziwani, huko huko Punjab alizaliwa mtoto anayeitwa Sultan Khan. Baba yake alimfundisha sataranji ya Kihindi, ambayo ilikuwa na tabia zake. Askari hakuruhusiwa kuruka miraba miwili mwanzoni. Na askari akifika mwisho wa ubao, hakugeuka malkia hivi hivi. Aligeuka kete ya mahali alipofikia. Ukitokea kwenye nyumba ya farasi, wewe ni farasi. Nilipomwambia Jaduong' hilo, aliona ndiyo kanuni ya haki zaidi kati ya zote alizozisikia.

Tajiri mmoja mwenye mashamba, Sir Umar Hayat Khan, akamchukua kijana huyo, akatafutiwa walimu wa kanuni za Ulaya, na mwaka 1929 akapelekwa London. Fikiria vizuri hapa. Huyu mtu alikuwa mwanafunzi tena. Amecheza tangu utotoni, halafu anaambiwa kete zinatembea tofauti, ufunguzi wote anaoujua ni wa mchezo mwingine, na wapinzani wake wamesoma vitabu vya ufunguzi kwa lugha tatu. Mwaka huo huo wa 1929 alichukua ubingwa wa Uingereza. Akauchukua tena 1932, na tena 1933. Huko Hastings, mashindano ya 1930 hadi 1931, alimpiga Capablanca, Mkyuba aliyewahi kuwa bingwa wa dunia. Kwenye Olimpiadi za chesi alicheza ubao wa kwanza wa timu ya Uingereza, yaani ile nchi iliyokuwa inatawala nchi yake.

Halafu kuna Bi Fatima. Alikuwa mtumishi katika nyumba hiyo hiyo ya Sir Umar, naye alikuwa Uingereza na wenzake, na mwaka 1933 alichukua ubingwa wa wanawake wa Uingereza. Mabingwa wawili mwaka mmoja, kutoka msafara mmoja, mmoja wao anayehudumia meza. Kuhusu Sultan Khan kuna kitabu kizima, cha mwaka 2020. Fatima anapata aya moja, mbili akiwa na bahati. Na mimi hapa nimempa moja pia, najua.

Mwisho wa 1933 msafara ulirudi India, na Sultan Khan hakuonekana tena kwenye mashindano ya Ulaya. Alilima shamba lake, akalea watoto, akafariki mwaka 1966. Kilichobaki Ulaya ni hadithi, na hadithi ilipenda sana sehemu moja: kwamba alikuwa mtumwa wa tajiri, hakujua kusoma wala kuandika, akili yake ilikuwa ya ajabu tu, imetoka hewani. Imerudiwa kwenye vitabu na magazeti kwa miongo. Mjukuu wake amejitokeza hadharani kuipinga: babu yake alijua kusoma, na hakuwa mtumwa wa mtu. Ukifikiri kidogo utaona kwa nini hadithi ya kwanza ndiyo ilipendwa. Mtu aliyefundishwa na baba yake, akacheza miaka kumi na zaidi dhidi ya watu wazuri wa kwao, kisha akajifunza kanuni mpya kwa bidii, huyo anatisha. Ina maana kulikuwa na shule huko, hata kama haikuwa na ukuta. Lakini muujiza hautishi mtu. Unaupigia makofi, unaenda nyumbani.

Mwezi wa Februari 2024, FIDE, shirikisho la chesi duniani, lilimpa Sultan Khan taji la heshima la gwiji mkuu. Alikuwa amelala kaburini miaka 58.

Nimemchukua muda mrefu Sultan Khan kwa sababu kuna mtu mwingine, jirani yetu zaidi, ambaye hadithi yake imepikwa kwenye sufuria hiyo hiyo.

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, Kisumu ilikuwa ndani ya Uganda. Ramani ilibadilishwa mwaka uliofuata na upande huu wa ziwa ukahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki. Kwa hivyo ninapozungumzia Katwe, mtaa wa Kampala, sioni kama naenda ugenini. Samaki hawajaambiwa kuhusu mpaka.

Katikati ya miaka ya 2000, Robert Katende alikuwa akifundisha watoto wa Katwe mpira chini ya mradi mmoja wa michezo wa kidini. Yeye mwenyewe alikulia kwenye shida, alicheza mpira, na alikuwa amesomea uhandisi. Aliona kuna watoto wanaokaa kando ya uwanja, hawataki kugongwa. Akawaletea chesi. Baada ya mazoezi kulikuwa na uji. Karibu mwaka 2005 msichana wa miaka tisa hivi anayeitwa Phiona Mutesi, aliyekuwa ameacha shule kwa kukosa karo na anauza mahindi barabarani, alimfuata kaka yake kisiri kuona anaenda wapi kila siku. Alikuta watoto wamekaa kimya mbele ya vitu vyeupe na vyeusi. Alikuta na uji.

Hapa kuna jambo ambalo napenda kuliko yote yaliyofuata. Aliyemfundisha Phiona jinsi kete zinavyotembea hakuwa Katende. Alikuwa mtoto wa kike mdogo kuliko yeye, mdogo sana, ambaye bado hakuwa ameanza shule vizuri. Katende alijua kwamba mtoto anayemweleza mwenzake kitu anakishika mara mbili, na yule anayeelezwa haoni aibu ya kuuliza. Mtoto huyo alimwonyesha Phiona askari anavyopanda, akimwonyesha na pale anapokuwa malkia, na Phiona akashindwa michezo mingi, na kesho yake akarudi. Hiyo ndiyo shule. Kulikuwa na mwalimu mwenye mpango, kulikuwa na chakula, na kulikuwa na wenzako wa kukupiga kila siku mpaka siku moja wasikupige.

Mwaka 2010 alikuwa kwenye Olimpiadi ya chesi, Khanty-Mansiysk, Siberia, akiwakilisha Uganda. Mwaka 2012, Olimpiadi ya Istanbul, yeye na mwenzake Ivy Amoko wakawa wanawake wa kwanza wa Uganda kupata taji la chesi la kimataifa. Mwaka huo kitabu chake kikatoka, kimeandikwa na Mmarekani Tim Crothers. Mwaka 2016 ikaja filamu, Malkia wa Katwe, ya Mira Nair, na aliyecheza mama yake ni Lupita Nyong'o, ambaye kwao ni hapa Kisumu. Baba yake akawa gavana wetu mwaka uliofuata. Unaweza kufikiria jinsi filamu ilivyopokelewa huku. Kuna watu walioiangalia wakimtafuta Lupita tu, chesi ikawa kitu cha kupitia.

Filamu ni nzuri, usinielewe vibaya, nimeiona mara tatu. Lakini soma vichwa vya habari vya miaka hiyo. Kibanda, tope, mafuriko, halafu ghafla: bingwa! Ile sehemu ya katikati, miaka ya kushindwa na kurudi, inarukwa kama tangazo la redio. Phiona anawekwa kwenye kabati moja na Sultan Khan, kabati la miujiza. Na kabati hilo lina kazi yake. Likikubaliwa, basi yule mwanaume wa steji ana haki ya kusema chesi ni ya watu wa yunivasiti, isipokuwa pale Mungu anapoamua kushangaza watu. Mtu wa kawaida wa Nyalenda au Manyatta, asiye msomi na asiye muujiza, hana mlango wa kuingilia.

Ilhali mlango umekuwa hapa muda wote, na umejaa vifuniko vya soda.

Angalia hesabu hii. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Omweso ya Waganda, vivyo hivyo, 32 na 64. Chesi ina kete 32 na miraba 64. Ni sadfa, hakuna siri ndani yake, lakini nilipoiona nilicheka peke yangu. Wajaluo tuna ajua, ndugu wa hiyo familia, na anayeicheza vizuri anahesabu mbele kwa kasi ambayo mimi nikiwa na karatasi siifikii: nikichukua hapa, kete ya mwisho itaangukia wapi, na yeye atachukua wapi, na mimi nitarudi na nini. Hiyo ndiyo kazi yote ya chesi. Wanaofundisha chesi kwa vitabu wanatumia sura nzima kumwambia mwanafunzi afikirie jibu la mpinzani kabla ya kusogeza. Mtu aliyekulia kwenye ajua au drafti hahitaji hiyo sura.

Anachohitaji ni kuzoea vyeo. Kwenye ajua kete zote ni sawa; iliyokuwa yako ikichukuliwa inakuwa ya mwenzako na inafanya kazi ile ile bila kinyongo. Kwenye drafti wote wanaanza sawa. Chesi inaanza na watu waliozaliwa na nafasi zao, na yule wa mbele, wa kufa kwanza, ni wengi. Nadhani hii, kuliko ugumu wowote, ndiyo inayofanya watu pale Kondele waione kama ya wenyewe. Inafanana na ofisi.

Kete zangu nilizinunua mitumba. Farasi mmoja hana kichwa, tunamjua tu kwa shingo. Usiku nacheza kwa simu, Lichess, ambayo tangu 2010 haijamtoza mtu hata shilingi na haina matangazo. Data ndiyo inauma, na chesi kwa bahati hailambi data kama video. Saa saba usiku nimecheza na mtu mwenye bendera ya Ufilipino na mwingine wa Brazil, na hakuna aliyeniuliza nilifika mwaka wa ngapi. Mama yangu aliuliza, lakini alichotaka kujua ni kama hii kitu ina malipo. Nilimwambia Bi Fatima alichukua ubingwa wa Uingereza. Akauliza, “Alilipwa?” Bado nalitafuta hilo jibu.

Steji sasa wako wanne wanaojua kete zote. Yule aliyesema ni ya yunivasiti amekataa kata kata kucheza, ila anasimama nyuma na kumwambia kila mtu alipaswa kufanya nini, na mara nyingi yuko sawa. Abiria wanangoja kidogo zaidi ya zamani.

Juzi nilimjaribu Jaduong' na ile ya hatua nne. Askari, askofu, halafu nikamtoa malkia, nikamsimamisha kule ukingoni nikitazama pembeni kama sina habari. Jaduong' alimkodolea malkia muda mrefu. Akanyoosha kidole kutoka kwa malkia mpaka kwa askari wa begani, akarudi na kidole mpaka kwa askofu wangu, akanitazama. Kisha akamsogeza askari mwingine, wa pembeni, mraba mmoja tu, na malkia wangu akawa hana pa kusimama.

“Huyu mama ametoka nyumbani mapema sana,” akasema. “Angalia, wenzake wote bado wamelala.”